Wakhmer hawakutoweka: historia ya watu wa Kamboja nje ya mawe ya Angkor

Watu wengi wanaosikia jina la Wakhmer hukumbuka vitu viwili. Cha kwanza ni Angkor Wat, lile hekalu kubwa la mawe lililozungukwa na maji, linaloonekana kwenye kila tangazo la utalii wa Kamboja. Cha pili ni Khmer Rouge, kundi la Pol Pot ambalo utawala wake uliangamiza kati ya watu milioni moja na nusu na milioni mbili kuanzia 1975 hadi 1979. Kati ya hivyo viwili ipo miaka zaidi ya mia tano ambayo, kwa jinsi inavyosimuliwa, haina watu ndani yake. Wajenzi wanatoweka, msitu unameza mahekalu, Mfaransa anakuja kuyagundua, halafu ghafla tuko kwenye makaburi ya halaiki.

Ikisimuliwa hivyo, historia ya Wakhmer inakuwa fumbo tupu. Watu waliojenga yale walikwenda wapi? Na hawa wa juzi walitoka wapi? Lakini hakuna aliyetoweka. Wakhmer walihamisha mji mkuu, wakabadili dini, wakaacha kujenga kwa mawe, na mambo hayo matatu yana uhusiano. Kilichokaribia kuumaliza utamaduni wao si anguko la Angkor hata kidogo. Ni kile kipindi ambacho Wakamboja wenyewe hukihesabu kwa ukamilifu: miaka mitatu, miezi minane na siku ishirini.

Kwanza tuwafahamu wenyewe. Wakhmer ni zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wa Kamboja, nchi yenye watu wapatao milioni 17. Wengine wamebaki ng'ambo ya mipaka ya leo: katika mikoa ya Surin, Buriram na Sisaket kaskazini mashariki mwa Thailand, na katika delta ya mto Mekong kusini mwa Vietnam, ambako huitwa Khmer Krom. Lugha yao ina undugu wa mbali na Kivietnamu, ila haina toni. Hati yao ilitokana na hati za kusini mwa Uhindi, na jiwe la zamani kuliko yote lenye tarehe na maandishi ya Kikhmer ni la mwaka 611. Kuna jiwe jingine, la mwaka 683, ambalo mimi huliona la ajabu kuliko minara yote ya Angkor. Limeandikwa mwaka 605 wa kalenda ya Kihindi ya Saka, na mahali pa sifuri mchongaji ameweka nukta. Ni miongoni mwa sifuri za zamani zaidi zinazojulikana duniani, na imekaa kimya katika hesabu ya tarehe kana kwamba si habari.

Mto unaogeuka

Huwezi kuwaelewa Wakhmer bila kuelewa maji yao. Katikati ya Kamboja kuna ziwa la Tonle Sap. Limeunganishwa na Mekong kwa mto wenye jina hilohilo, unaokutana na Mekong pale Phnom Penh, mji mkuu wa leo. Wakati wa kiangazi mto huo hutoa maji ziwani na kuyapeleka Mekong, jambo la kawaida. Mvua za monsuni zikishika, kuanzia Juni hivi, Mekong hufura hadi kuyasukuma maji yarudi yalikotoka. Mto hugeuka. Ziwa ambalo katika kiangazi lina kilomita za mraba 2,500 hadi 3,000, na kina ambacho mtu mzima anaweza kusimama bila kuzama, hutanuka hadi kupita kilomita za mraba 10,000, na kina chake hufika karibu mita tisa. Misitu ya kandokando huzama, na samaki huingia humo kula na kukua. Novemba hivi, mto hugeuka tena kuelekea baharini, na Phnom Penh hufanya sikukuu ya Bon Om Touk, yenye mashindano ya mitumbwi mirefu ya wapiga makasia wengi.

Kwa hiyo kaskazini mwa ziwa hilo una uwanda wa mpunga, samaki wasiokwisha, na vilima vya Kulen ambako mito midogo hushuka na maji na mawe ya kujengea. Angkor ilikaa hapo kwa sababu hiyo. Falme za kabla yake, ambazo tunazijua kwa majina ya Kichina ya Funan na Chenla, zilikuwa kusini na mashariki zaidi. Oc Eo, kituo cha biashara cha enzi za Funan ambacho leo kiko Vietnam, kimetoa hata medali za dhahabu za Kirumi. Kisha mwaka 802, kwa mujibu wa jiwe lililoandikwa karne mbili na nusu baadaye, Jayavarman II alifanyiwa tambiko juu ya Kulen na kutangazwa mfalme mkuu, asiye chini ya mwingine. Warithi wake walishuka uwandani, wakaanza kuchimba.

Walijenga malambo ambayo ni vigumu kuyaamini mpaka uyaone kwenye picha za setilaiti. Lambo la Magharibi, la karne ya 11, lina urefu wa karibu kilomita nane na upana wa kilomita mbili, na mpaka leo lina maji. Handaki la maji linalozunguka Angkor Wat lina upana wa karibu mita 190. Hekalu lenyewe lilijengwa na Suryavarman II katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 kwa heshima ya Vishnu, mungu wa Kihindu, na linatazama magharibi, tofauti na mahekalu mengi ya Kikhmer. Pale palikuwa mji, na mkubwa sana. Tangu mwaka 2012 ndege zenye vipimo vya leza zimepiga miale kupitia majani ya msitu na kuonyesha barabara, vidimbwi na vitalu vya makazi vilivyokuwa vimefichika ardhini. Makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2021 yanasema eneo lote la Angkor lilikuwa na watu kati ya 700,000 na 900,000 lilipokuwa katika kilele chake.

Nyumba zao hatuzioni kwa sababu moja rahisi: jiwe lilikuwa la miungu. Watu, na mfalme pia, waliishi katika nyumba za mbao, na mbao imeoza. Anayetembelea Angkor leo na kujiuliza watu walikuwa wapi, walikuwa hapo hapo katikati ya mawe.

Hekalu lilikuwa taasisi

Jayavarman VII, aliyetawala kuanzia 1181, alikuwa Mbudha na mjenzi asiyechoka. Katika hekalu la Ta Prohm aliacha jiwe la mwaka 1186 linalosomeka kama bajeti ya serikali kuliko sala. Linataja watu 79,365 kutoka vijiji 3,140 waliolihudumia hekalu lile moja, mchele uliohitajika, mavazi, nta ya mishumaa, na wacheza ngoma 615. Linataja pia hospitali 102 katika ufalme. Wale wacheza ngoma 615 wakumbuke, tutawarudia.

Ukitaka kuona maisha ya kawaida, acha nyuso kubwa za mawe za hekalu la Bayon, zinazopigwa picha na kila mtu, ukaangalie kuta za chini. Kuna wanaume wawili wakishikilia majogoo kabla ya pambano, na watu nyuma yao wakinyoosha mikono ya kuweka dau. Kuna wapishi wakimwingiza nguruwe katika sufuria, mwanamke akijifungua, Wachina wenye ndevu na nywele zilizofungwa utosini, na samaki wakipita kati ya matawi ya miti, maana ndivyo Tonle Sap inavyokuwa wakati wa mafuriko. Mchongaji hakuwa anabuni.

Zhou Daguan, mjumbe kutoka China aliyekaa Angkor karibu mwaka mzima, 1296 hadi 1297, anathibitisha mengi ya hayo. Anasema biashara ilikuwa mikononi mwa wanawake; soko lilianza asubuhi na kuisha mchana, halikuwa na maduka, kila mmoja alitandika mkeka chini na kulipia nafasi yake. Mchina aliyefika, anaongeza, alianza kwa kutafuta mke wa kienyeji, kwa kuwa ndiye angemwendeshea biashara. Ukienda soko lolote la Kamboja leo, wauzaji wengi utakaowakuta ni wanawake.

Nini hasa kilitokea Angkor

Jibu la zamani ni kwamba jeshi la Ayutthaya, kutoka Thailand ya leo, liliiteka Angkor mwaka 1431 na mambo yakaishia hapo. Ni kweli vita vilikuwapo. Ila vita peke yake havielezi kwa nini watu hawakurudi kujenga upya, maana Angkor ilikuwa imeshawahi kuvamiwa na ikainuka.

Pete za miti mikongwe ya milima ya Vietnam zinaonyesha miaka mingi ya ukame katikati ya karne ya 14 na tena mwanzoni mwa karne ya 15, na baina ya vipindi hivyo mvua kali kupita kiasi. Mfumo wa mifereji uliopanuliwa kwa karne tano ulikuwa mgumu kurekebisha: mvua kubwa ilibomoa, ukame ukakausha, na matengenezo ya sehemu moja yaliharibu nyingine. Wakati huohuo biashara ya baharini na China ilikuwa inakua, na faida yake haikuwa kwa mji wa bara kaskazini mwa ziwa. Ilikuwa kwa yule aliyekaa pale Mekong na Tonle Sap zinapokutana, yaani Phnom Penh ya leo. Wafalme walihamia huko, baadaye Longvek, kisha Oudong.

Na dini ilibadilika. Kuanzia karne ya 13 Ubudha wa Theravada, tawi tofauti na lile la Jayavarman VII, ulienea kwa Wakhmer wa kawaida, na kufika mwisho wa karne hiyo Zhou Daguan aliwakuta watawa wenye vichwa vilivyonyolewa na nguo za manjano kila mahali. Ubudha huu haukuhitaji mfalme aliyekaribia uungu, wala nyumba ya mawe ya kumweka humo. Ulihitaji watawa, bakuli la kupokelea chakula, na banda la mbao kijijini ambamo mtoto angefundishwa kusoma. Ndiyo maana nasema yale mambo matatu hayatenganishiki. Sababu ya kuchonga mawe iliondoka, na uwezo wa kulisha maelfu ya wachongaji ukaondoka nayo. Mtalii anayaona hayo kama kuporomoka, na mimi nadhani mkulima wa wakati ule, aliyeacha kuitwa kubeba mawe, angekuwa na maoni yake.

Angkor Wat yenyewe haikuachwa. Iligeuzwa hekalu la Kibudha na watawa waliendelea kuishi pale. Katikati ya karne ya 16 mfalme Ang Chan aliagiza kuta za upande wa kaskazini mashariki, zilizokuwa hazijakamilika, zichongwe. Mwaka 1632 Mjapani aliyekuja kuhiji aliandika jina lake kwa wino kwenye nguzo, na maandishi yale yapo. Kwa hiyo Mfaransa Henri Mouhot alipofika mwaka 1860 na maelezo yake yakasisimua Ulaya, alikuta hekalu lenye watawa. Neno kugundua halifai hapo.

Siam, yaani Thailand ya leo, ndiyo iliyokuwa inatawala eneo la Angkor wakati huo. Kwa karne kadhaa Wakhmer walibanwa kati ya Siam upande mmoja na Vietnam upande wa pili, na mwaka 1863 mfalme Norodom alikubali ulinzi wa Ufaransa akidhani anapata mwavuli. Mwaka 1907 Wafaransa waliilazimisha Siam kuirudisha Angkor, wakachora na ramani. Ramani hiyo ingali inaua watu. Hekalu la Preah Vihear, lililo juu ya genge mpakani, lilitambuliwa kuwa la Kamboja na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1962, lakini mpaka wa jirani zake ukabaki na mzozo, na Julai 2025 majeshi ya Thailand na Kamboja yalipigana kwa siku tano. Msomaji wa Afrika hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu mistari iliyochorwa na wakoloni.

Waliosoma Angkor vibaya

Kamboja ilipata uhuru tarehe 9 Novemba 1953 chini ya mfalme Norodom Sihanouk. Aliiongoza kwa mizani ngumu wakati vita vya Vietnam vikiwaka jirani, mpaka jenerali Lon Nol na wenzake walipompindua mwaka 1970. Mabomu ya Marekani yaliyoangushwa vijijini, hasa 1969 hadi 1973, yaliwatimua wakulima makwao na kuwapa Khmer Rouge hoja ya kuandikisha vijana. Tarehe 17 Aprili 1975 waliingia Phnom Penh, na ndani ya siku chache wakawatoa watu wote mjini, hadi wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Bendera ya utawala huo ilikuwa na minara mitatu ya Angkor, ya manjano juu ya nyekundu. Pol Pot na wenzake waliitukuza Angkor. Waliyaona malambo, wakahitimisha kwamba ukuu wa Wakhmer ni kuchimba, na ukiwapeleka watu wote mashambani wachimbe mifereji kwa mikono, mpunga utajaa. Mpango wao wa mwaka 1976 ulidai tani tatu kwa kila hekta. Tani hizo hazikupatikana, lakini wakuu wa maeneo waliogopa kusema, wakapeleka juu mpunga uliotakiwa kuwalisha wachimbaji wenyewe. Watu walikufa kwa njaa, kazi na malaria, mbali na waliouawa.

Waliouawa walichaguliwa. Watawa walivuliwa majoho. Walimu, madaktari, waandishi na wasanii walikuwa hatarini kwa kujulikana tu kazi zao. Sekondari moja ya Phnom Penh iligeuzwa gereza la S-21, ambalo leo ni jumba la makumbusho la Tuol Sleng. Wacham, ambao ni Waislamu wa Kamboja, walikatazwa swala na lugha yao, na vijiji vyao vikaangamizwa. Mawe ya Angkor yalibaki yamesimama. Waliokuwa wanajua yale mawe yanamaanisha nini ndio waliozikwa.

Mahakama ya kushughulikia hayo ilichelewa mno. Tofauti na ile ya Arusha iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo ilikuwa ya Umoja wa Mataifa na ilikaa nje ya nchi husika, ya Kamboja iliwachanganya majaji wa Kikhmer na wa kimataifa na kukaa Phnom Penh penyewe. Ilianza kazi mwaka 2006, Pol Pot akiwa amekwisha kufa tangu 1998. Hadi rufaa ya mwisho mwaka 2022, waliotiwa hatiani ni watatu tu.

Vidole vya Chea Samy

Sasa turudi kwa wacheza ngoma. Ngoma ya kifalme ya Wakhmer haina daftari la kutosha kuifufua. Mtoto huanza akiwa mdogo, na mwalimu hukaa nyuma yake akimvuta mabega kwa mikono huku amemsukuma mgongo kwa goti, mpaka kiuno kijipinde kinavyotakiwa. Vidole hukunjwa kwenda nyuma kila siku hadi vizoee, kwa sababu mkono ndio unaosema: jani, ua, tunda, huzuni, aibu. Siku ya maonyesho nguo hushonwa ikiwa mwilini. Yote haya hutoka mwili hadi mwili. Ukiua kizazi kimoja cha walimu, hakuna ukuta wa kwenda kusoma.

Inakadiriwa kwamba sehemu kubwa mno ya wasanii wa kifalme walikufa, wengi husema tisa kati ya kumi. Chea Samy alibaki. Aliingizwa ikulu akiwa mtoto, akawa mchezaji, kisha mwalimu. Mumewe, Loth Suong, alikuwa kaka wa Saloth Sar, kijana waliyemlea nyumbani kwao Phnom Penh. Wakati wa Khmer Rouge mke na mume walitumikishwa mashambani kama wengine, na hawakujua Pol Pot ni nani hasa hadi walipoona picha yake. Alikuwa ni Saloth Sar, shemeji yake Chea Samy.

Baada ya 1979 Chea Samy na manusura wachache walikusanyika katika shule ya sanaa mjini, wakaanza kukumbushana. Huyu alikumbuka mkono, yule alikumbuka wimbo, mwingine hatua ya miguu. Alifundisha hadi alipofariki mwaka 1994. Mwaka 2003 UNESCO iliitambua ngoma hiyo kuwa urithi wa binadamu, na mfalme wa sasa, Norodom Sihamoni, alikuwa mcheza dansi na mwalimu wa dansi kabla ya kupewa kiti mwaka 2004.

Mengine yalijirudia yenyewe, kwa kuwa yalikuwa majumbani. Salamu ya sampeah, viganja vikiwa vimekutana, bado hupanda kwa cheo: kifuani kwa wenzako, mdomoni kwa mkubwa wako, puani kwa wazazi na walimu, kwenye nyusi kwa mtawa au mfalme. Kumwita mtu jina lake kavu bado ni utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu; aliyekuzidi kidogo ni *bong*, mzee wa kiume ni *ta*, wa kike *yeay*. Kila Septemba au Oktoba, kwa siku kumi na tano za Pchum Ben, familia huamka saa kumi alfajiri na kupeleka vidonge vya wali wa kunata hekaluni, wakizunguka na kuvitupa gizani kwa ajili ya mizimu yenye njaa, ambayo inasemekana ina midomo myembamba kama tundu la sindano na haiwezi kuvumilia mwanga. Kwa maelfu ya familia zisizojua ndugu zao walizikwa wapi, hapo ndipo mahali pekee pa kuwalisha.

Na ipo prahok. Kuanzia Desemba, samaki wadogo wanaposhuka kutoka ziwani, watu wa vijijini huja mtoni na mikokoteni, wengine wakileta mpunga wa kubadilishana. Samaki hukatwa vichwa, hukanyagwa kwa miguu katika vikapu mpaka mafuta yatoke, huanikwa, hutiwa chumvi na kufungiwa mitungini. Harufu yake humfukuza mgeni. Ikishaiva ndiyo kitoweo cha mwaka mzima kwa asiye na fedha, na ndiyo chumvi ya mchuzi kwa aliye nazo.

Prahok hutegemea mto kugeuka. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa Mekong, nchini China na Laos, pamoja na ukame, yamebadili majira ya maji. Mwaka 2019 na 2020 mafuriko ya Tonle Sap yalichelewa na yalikuwa haba, na wavuvi walitoka na nyavu nyepesi. Familia zinazoishi katika nyumba zinazoelea ziwani zilianza kupeleka vijana wao kwenye viwanda vya nguo Phnom Penh na kwenye ujenzi nchini Thailand.